Bugalu ni nini hasa? Tuielewe kupitia Acid ya Ray Barretto

Ukianza kufuatilia miziki ya New York ya miaka ya sitini kuna neno utakutana nalo kila kona, bugalu, na ukimuuliza mtu maana yake anakupa jibu la juu juu, aah hiyo ni Kilatino kimechanganywa na souli, basi kamaliza. Si uongo. Ila ni sawa na mtu akuulize pilau ni nini umjibu ni mchele na viungo, sasa biriani itakuwa nini? Kuchanganya kila mtu anachanganya, swali ni wamechanganya vipi na nini kimepanda juu ya nini. Na mi naona njia rahisi ya kulielewa hili neno ni kukaa na albamu moja tu uisikilize mwanzo mwisho, nayo ni Acid ya Ray Barretto, iliyotoka kampuni ya rekodi ya Fania mwaka 1968, nyimbo nane tu.

Barretto kwanza. Kazaliwa Brooklyn 1929, wazazi wake ni watu wa Puerto Rico, kakulia Harlem Mashariki na Bronx. Chombo chake ni kile kidumu kirefu cha kupiga kwa mikono ambacho wenzetu huko wanakiita konga na bendi zetu za dansi siku zote wanakiita tumba, na ukweli hata Wacuba wenyewe wanaita tumbadora kwa hiyo sisi ndo tuko karibu zaidi na jina la nyumbani. Alikuwa kijana mdogo jeshini Ujerumani ndo akasikia rekodi ya mpiga tarumbeta wa jazi Dizzy Gillespie akiwa na mpiga tumba wa Cuba, Chano Pozo, na hapo akajua maisha yake yanaelekea wapi. 1957 akaingia bendi ya Tito Puente, moja ya bendi kubwa za dansi ya Kilatino New York, kuchukua nafasi ya mpiga tumba Mongo Santamaría, na ujue hiyo nafasi haikuwa ya mchezo. Halafu huku pembeni anaitwa studio na watu wa jazi, ile albamu Midnight Blue ya mpiga gita Kenny Burrell ya 1963 tumba unayoisikia ni yeye. Yaani huyu jamaa alikuwa na nyumba mbili, huku anapiga dansi ya Kicuba, kule anakaa na wapiga jazi, na hakuna nyumba aliyokuwa mgeni.

Hapa nichomekee kitu kidogo maana siwezi kukiacha. Hiti yake ya kwanza kubwa, 1963, inaitwa El Watusi. Mswahili ukisikia hilo jina lazima ugeuke. Na ndiyo, ni Watusi hao hao wa Rwanda na Burundi, pamoja na ile wa- yetu ya wingi, Wamarekani walilichukua neno zima zima wakaita staili ya kudansi iliyovuma mwaka 1962, halafu Barretto akaliongezea el ya Kihispania mbele, ikawa ni mtu mmoja, mbabe fulani wa Havana anayeogopwa na wote. Watusi mmoja! Mwalimu wa ngeli angezimia.

Turudi kwenye bugalu. Ili uielewe lazima ujue vitu viwili vinavyogombana ndani yake, na ukivishika hivi viwili mengine yote yanajipanga yenyewe. Cha kwanza ni klave. Miziki ya Cuba karibu yote imejengwa juu ya mgongo mmoja wa mapigo matano, hata kama hakuna anayeyapiga wanamuziki wanayo kichwani. Jaribu hapo ulipo, hesabu polepole moja mpaka kumi na sita halafu rudia bila kusimama, na gonga meza kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Umeona inavyochechemea? Ndiyo klave. Haiji pale unapoitegemea, ndo maana inamfanya mtu atikise kiuno badala ya kuandamana kama askari.

Cha pili ni makofi ya souli. Kanisani kwa weusi wa Marekani na baadae kwenye souli na ridimu na bluzi, kofi linaanguka kwenye pigo la pili na la nne, kila baa (yaani kila fungu la mapigo manne), bila kukosa. Kwenye hesabu yetu ile ya kumi na sita ina maana unapiga makofi kwenye 3, 7, 11 na 15. Sasa mwambie mwenzio agonge klave na we upige makofi. Mtakutana kwenye 7 na 11, kwingine kote mnapishana. Hapo penye kukutana na kupishana ndo bugalu inaishi. Klave inakuvuta ucheze Kicuba, makofi yanakuvuta ucheze kama uko Harlem, na mwili wako inabidi uchague au ukubali vyote. Spidi yenyewe ni ya chacha, ile dansi ya Kicuba, siyo ya haraka, na piano inarudiarudia kipande kimoja kifupi, watu wanaimba Kiingereza au Kiingereza na Kihispania kwenye mstari mmoja, na kuna kelele nyingi za ukumbini, vicheko, kuitikiana, kama vile rekodi imefanyikia sebuleni kwa mtu.

Hiyo ya kelele si mapambo. Bugalu ilianzia kwenye kumbi za dansi, na kilichoileta ni kwamba pale Harlem Mashariki watu wa Puerto Rico na Wamarekani weusi walikuwa wanaishi ngazi moja, wanasoma shule moja, watoto wao wanasikiliza redio zile zile. Bendi ikipiga mambo (ule mtindo wa dansi) kali ya Kicuba, wale weusi wanakaa chini, ikipigwa souli wanasimama. Wanasimulia kwamba bendi ya Joe Cuba ilikuwa ukumbi wa Palm Gardens pale Manhattan usiku mmoja, mwimbaji wake Jimmy Sabater akawa anambana Joe wajaribu kitu kingine kuwanyanyua hao waliokaa, Joe hataki, mwishowe kakubali, piano ikaanza kile kipande na ukumbi mzima ukaitika. Hicho ndo kikawa Bang Bang, 1966. Mwaka uliofuata Pete Rodriguez akatoa I Like It Like That, ambayo vijana wa sasa wanaijua kupitia Cardi B mwaka 2018. Joe Bataan naye, baba Mfilipino mama Mmarekani mweusi, anaimba souli juu ya tumba kama vile hakuna mpaka wowote. Kwa hiyo bugalu ni mtoto wa mtaa kabla haijawa mtoto wa studio.

Sasa kwa nini nasema Acid na siyo hizo nyingine? Kwa sababu bugalu nyingi zilitengenezwa na vijana wadogo, zina raha sana lakini ukisikiliza albamu nzima unachoka, wimbo wa tatu unafanana na wa kwanza. Barretto hakuwa kijana, alikuwa anakaribia arobaini, bendi yake ya mwanzo wa sitini ilikuwa ya mtindo wa fidla na filimbi na hapa ameziacha hizo kaweka tarumbeta, na kila kitu kinasikika kama mtu anayejua kabisa sheria ipi anaivunja na kwa nini. Waimbaji ni Adalberto Santiago na Pete Bonet, timbali, zile ngoma mbili fupi za kupigwa kwa fimbo, yuko Orestes Vilató ambaye kama unapenda watu wanaopiga vyuma na ngozi kwa wakati mmoja tafadhali msikilize kwa makini.

El Nuevo Barretto inafungua, Kihispania, na jina lenyewe linatangaza kwamba huyu ni Barretto mpya. Halafu ghafla Mercy Mercy Baby unajikuta Kiingereza, souli ya wazi. Ukifika Sola te dejaré umerudi Cuba. Albamu nzima iko hivyo, inakupeleka inakurudisha, na hapo ndo unajifunza masikio, maana ni bendi ile ile, tumba ile ile, ila kwenye Soul Drummers na A Deeper Shade of Soul makofi yamepanda juu na klave imejificha chini, kwenye Sola te dejaré ni kinyume. Mtu akiniuliza maana ya bugalu siku hizi sielezi, nampigia Soul Drummers halafu hiyo ya Kihispania, moja baada ya nyingine, anaelewa mwenyewe.

Wimbo wenyewe Acid ni suala jingine. Jina ni la wakati ule, LSD na rangi rangi na vijana wa San Francisco, ila muziki hauna ulevi wowote, ni nidhamu tupu. Besi inashika kipande kimoja na haikiachii, tumba inakaa juu yake, tarumbeta inapanda kusema yake inashuka. Wapiga dansi wetu wangeiita chemko tupu, au Mkongo angesema hii ni sebene isiyo na ubeti, unaingia moja kwa moja pale ambapo watu wanasimama kwenye viti. Wacuba sehemu hiyo ya kurudiarudia wanaiita montuno, na kama umewahi kujiuliza kwa nini sebene na montuno zinafanana tabia basi hujakosea, santuri za Cuba zilifika Kongo tangu miaka ya thelathini na watu wa Kinshasa na Brazzaville wakazichukua wakazifanya zao. Hata kwetu Morogoro Salum Abdallah bendi yake iliitwa Cuban Marimba, halikuwa jina la bahati mbaya.

Na hapo kwenye Acid ndo fanki inapoingia kwenye hesabu. Kumbuka 1967 James Brown alikuwa ametoka tu kutoa Cold Sweat, fanki ndo kwanza inazaliwa, na wazo lake kubwa ni kwamba kila chombo kiwe ngoma, gita lipige kama ngoma, tarumbeta zikate vipande vifupi kama ngoma, wimbo ukae kwenye kodi (chord) moja muda mrefu na hakuna anayelalamika. Lakini bana Wacuba walikuwa wanafanya hivyo kwenye montuno siku nyingi! Kwa hiyo fanki na tumba hazikuhitaji mshenga, walikutana wakatambuana tu. Ndo maana ukisikiliza Acid leo haijazeeka kama bugalu nyingine, vibwagizo vya vijana wa 1967 vimezeeka, ile besi haijazeeka.

Mwisho kuna Espíritu libre, zaidi ya dakika nane, na hakuna bugalu humo hata ya dawa. Ni jazi, giza giza, tarumbeta inatafuta njia. Wapo wanaoiruka kwa sababu haichezeki. Mi naona ndo inayokuonyesha kwamba hizo saba za kabla hakuzipiga kwa sababu hajui kingine.

Maneno mengine yanayochanganya watu, haraka haraka. Jazi ya Kilatino ni ya kusikiliza zaidi, solo ndefu, klave inaheshimiwa. Souli ya Kilatino ni jina la jumla, humo zimo hadi zile za mapenzi za taratibu, bugalu ni chumba kimoja ndani ya hiyo nyumba. Salsa ni jina la biashara lililoshika miaka ya sabini, na ilirudi kwenye Kihispania na kwenye mambo ya Kicuba, Fania hao hao ndo waliolisukuma. Bugalu ilikufa kama 1969 hivi, wengine wanasema wakubwa wa bendi waliichukia kwa sababu vijana wasiojua vizuri klave walikuwa wanawachukulia kazi, wengine wanasema ni mapromota na makampuni. Mi naona na muda wenyewe, fasheni ya dansi haikai. Ila lawama ya kwamba ni muziki rahisi rahisi, Acid inaijibu bila mtu kufungua mdomo. Ndo maana 1990 Urban Dance Squad wa Uholanzi walirudi humo humo, wakaichukua A Deeper Shade of Soul wakatoka na hiti.

Barretto mwenyewe alifika Afrika. Septemba 1974, uwanja wa 20 Mei Kinshasa, lile tamasha lililopangwa kwenda na pambano la Ali na Foreman, Fania All Stars, bendi ya mastaa wa kampuni ile ile, walipanda jukwaani na yeye yuko kwenye tumba, na umati ule haukuhitaji kufundishwa hiyo miziki ni ya nani. Picha za video zipo, zitafute. Alifariki Februari 2006.

Ukiisikiliza tumia hedfoni au spika yenye besi, tafadhali, maana kwenye spika ya simu ile besi ya Acid inapotea kabisa utabaki unasikia tarumbeta tu halafu uje uniambie mbona kawaida. Anza na Soul Drummers, makofi kwenye 3, 7, 11 na 15. Ukishazoea, acha makofi, tafuta klave.