Je, Wajua? Mwili Uliozoea Joto Hutoa Jasho Jingi Zaidi

Kijana wa Njombe anaweza kushinda kwenye milima ya kwao na baiskeli bila taabu. Mlete Dar es Salaam mwezi Machi, aanze safari ya kwenda Iringa, na huenda kabla ya Chalinze kichwa kikawa kinamgonga na miguu imeisha nguvu. Mazoezi anayo. Kinachokosekana ni mazoea ya joto, na hayo hayafungwi kwenye karia.

Katika nguvu yote inayochomwa na misuli, takriban robo tu ndiyo inayozungusha pedeli. Iliyobaki inageuka joto mwilini, na mwili hulitoa hasa kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka huondoka na joto la kilokalori 580 hivi. Lile linalodondoka kutoka kiwikoni hadi kwenye lami limepotea bure: maji na chumvi vimetoka, joto limebaki. Ndiyo maana unyevu wa Pwani humchosha mtu kuliko jua la Dodoma, ambako hewa ni kavu.

Ukiupeleka mwili kwenye joto kila siku, unajipanga upya. Siku za mwanzo sehemu ya maji katika damu huongezeka, hivyo moyo haulazimiki kwenda mbio ili kuhudumia misuli na ngozi kwa pamoja. Kisha jasho huanza kutoka mapema, tena jingi. Kinachonishangaza zaidi ni chumvi: tezi za jasho huanza kuirudisha mwilini kabla jasho halijafika nje. Tazama fulana ya mgeni wa joto ikishakauka, utaona mistari myeupe mgongoni, na mingine kwenye mikanda ya helmeti. Wiki ya pili, kwa mwendo uleule, mistari hiyo hufifia.

Mabadiliko haya huchukua siku 10 hadi 14. Kwa hiyo fika Pwani mapema, uendeshe kwa muda wa saa moja hadi saa moja na nusu kila siku wakati wa joto, ukianza taratibu kabisa. Usijiandae Tanga kisha ukarudi kukaa mwezi mzima kwenye baridi ya Njombe. Ukirudi barabarani, sehemu kubwa ya mazoea hayo itakuwa imeshapotea.

Jasho likiongezeka, maji nayo yaongezeke, ila kwa kipimo. Pima uzito kabla na baada ya mazoezi: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho. Ukikuta uzito umepanda, umekunywa kupita kiasi, na hilo ni hatari, kwa sababu maji mengi matupu hupunguza makali ya chumvi kwenye damu hadi mtu akatapika, akachanganyikiwa, hata akapata degedege. Kunywa kwa kufuata kiu, na chakula chako kiwe na chumvi.

Njia yenyewe nayo ipangwe kwa kufuata joto. Ukishapita Mikumi unateremka kwenye bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni, mahali pa joto kali, na mbele yako kuna Kitonga. Kwenye mlima ule mwendo hushuka hadi kukaribia wa mtu anayetembea, na upepo uliokuwa ukikausha jasho hutoweka wakati misuli inachoma kuliko popote. Lala bondeni, uanze kupanda mara tu kunapopambazuka.

Mwenzako akianza kuyumba au kuongea maneno yasiyoeleweka, msimsubiri apumzike aendelee. Mwekeni kivulini, mvueni helmeti na nguo za ziada, mmwagieni maji mwili mzima huku mkimpepea, na mtafute gari la kumpeleka hospitali. Msiache kumpoza hata mkiwa njiani.