Kuoa Tanga hakukupi uraia: yafahamu haya kabla ya kuomba tajinisi

Wiki haipiti bila mtu kufika dirishani kwetu Uhamiaji, hapa Tanga, akilalamika kwamba amenyimwa uraia. Ukimuuliza aliomba lini, hajaomba. Alidhani tayari anao.

Hivi karibuni alikuja mzee mmoja mzaliwa wa upande wa Lungalunga, Kenya, kanzu imepigwa pasi, bahasha ya kaki kwapani. "Mwanangu, nimeoa kule Mkinga, wanangu wote wamezaliwa hospitali ya Bombo, na kitambulisho cha NIDA hiki hapa. Kimebaki nini?" Nikakitazama: ni cha mgeni mkaazi. NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, inasajili raia, wageni wakaazi na wakimbizi. Hili tumelisema mpaka sauti zimetukauka.

Kuhusu ndoa, Sheria ya Uraia, Sura ya 357, inamruhusu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia kwa msingi wa ndoa hiyo. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana mlango huo. Anaomba tajinisi, yaani uraia anaopewa mgeni kwa kuomba, kama mgeni mwingine yeyote. Wapo wanaoona si haki. Hoja hiyo ipelekwe kwa wabunge, sisi tunatekeleza sheria iliyopo.

Sasa hesabu ya miaka, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Tuseme unawasilisha ombi Juni 2025. Kwanza, uwe umeishi nchini miezi 12 yote iliyotangulia, yaani tangu Juni 2024. Pili, tunarudi nyuma miaka 10 kabla ya hapo, Juni 2014 hadi Juni 2024, na ndani yake ukaazi wako ujumlishe walau miaka 7. Si lazima ifuatane, lakini uweze kuithibitisha. Kwa hiyo leta vibali vyako vya ukaazi, vya zamani na vya sasa, pamoja na pasipoti zote, hata zilizokwisha muda. Kusema "mtaa mzima unanijua" hakujazi pengo la kibali.

Sheria inataka pia tabia njema, Kiswahili au Kiingereza cha kutosha, na mchango wako kwa taifa. Kwa Kiswahili, watu wa Tanga hawanipi shida.

Nia yako ya kuomba itatangazwa gazetini, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Jalada litapita kamati za usalama za kata, wilaya na mkoa, liende Makao Makuu ya Uhamiaji, kisha kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Waziri halazimiki kutoa sababu za kukubali au kukataa. Kwa hiyo kishoka anayekuambia "nina mtu Dodoma" anakula hela yako tu. Malipo yote hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali, na stakabadhi uitunze. Na ukitoa maelezo ya uongo, hata baada ya kupata cheti unaweza kunyang'anywa uraia na kushtakiwa.

Swali jingine la kila siku: mbona wa Chogo, kule Handeni, walipewa? Wale ni wakimbizi kutoka Somalia wenye asili ya Kizigua, ambao babu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19. Walipitia utaratibu maalum wa Serikali, kama wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, ambao zaidi ya 160,000 kati yao walipewa uraia mwaka 2014. Usipime ombi lako kwa kipimo chao.

Ombi likikubaliwa, utaukana uraia wa awali na kula kiapo cha utii. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Kenya inauruhusu tangu Katiba ya 2010, na ndiyo maana wengi wa mpakani hushangaa wakiambiwa wachague mmoja.

Yule mzee alirudi na vibali vya miaka mitano. Vingine, alisema, vililiwa na mchwa. Nikamwambia atafute angalau namba za vibali hivyo au stakabadhi za malipo, tuanzie hapo kulisaka jalada lake. Akaondoka akinung'unika, ila bahasha aliibeba.