Je, wajua kwa nini halmashauri za England zikiishiwa fedha, vituo vya vijana ndivyo hufungwa mapema?

Serikali ya waziri mkuu wa Uingereza, David Cameron, ilipoanza kubana matumizi mwaka 2010, ruzuku kwa halmashauri ilipunguzwa mwaka baada ya mwaka. Huduma nyingi ziliumia, lakini si kwa kiwango kimoja. Kwa hesabu za shirika la YMCA, fedha ambazo halmashauri za England hutumia kwa huduma za vijana zimeporomoka kwa zaidi ya asilimia 70 tangu wakati huo, hata mfumuko wa bei ukizingatiwa. Hakuna diwani anayeomba kura kwa kuahidi kuwafungia vijana mlango. Sasa kwa nini panga huwaangukia wao?

Sababu kubwa imo katika sheria. Halmashauri haina ruhusa ya kupitisha bajeti yenye pengo, wala ya kukopa ili kulipa mishahara na gharama za kila siku. Mkopo ni wa majengo, barabara na mali nyingine za kudumu. Kodi inayotozwa kwa kila nyumba nayo ina ukomo: miaka ya karibuni, halmashauri zinazobeba huduma za ustawi wa jamii zikitaka kuipandisha kwa asilimia 5 au zaidi, kwa kawaida lazima ziitishe kura ya maoni. Hesabu zikigoma kabisa, mkuu wa fedha hutoa ilani chini ya kifungu cha 114 cha sheria ya fedha za halmashauri ya mwaka 1988, na matumizi mapya yasiyo ya lazima husimamishwa. Northamptonshire ilifikia hapo mwaka 2018. Birmingham na Nottingham zikafuata mwaka 2023.

Katika hali hiyo, yapo mafungu ambayo madiwani hawana uwezo wa kuyagusa. Mtoto akiwa hatarini nyumbani kwao usiku wa leo, Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 inaitaka halmashauri imlinde, iwe ina fedha au haina. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilikadiria kuwa kumtunza mtoto mmoja katika makao ya watoto kuligharimu wastani wa zaidi ya pauni 300,000 katika mwaka wa fedha 2023/24. Kiasi hicho kingelipa mishahara ya wafanyakazi kadhaa wa vijana kwa mwaka mzima. Wakiongezeka watoto wachache tu wa aina hiyo, inabidi fedha zitafutwe kwenye fungu jingine.

Vijana nao wametajwa katika sheria. Kifungu cha 507B cha Sheria ya Elimu ya mwaka 1996 kinaitaka halmashauri ihakikishe wenye umri wa miaka 13 hadi 19 wanapata shughuli za kutosha nje ya masomo. Lakini wajibu huo umefungwa na sharti: kadiri inavyowezekana. Halmashauri iliyoishiwa fedha husema haiwezekani, na ni vigumu kuibana mahakamani.

Kinachopotea hakionekani kwenye jedwali la bajeti. Mfanyakazi wa vijana hufungua mlango jioni, akaweka meza ya tenisi, akachemsha chai. Ukimtazama haraka utadhani anasimamia michezo. Kumbe ndiye anayeona kwamba kijana asiye na kipato ana simu mbili mpya na viatu vya bei kubwa, au kwamba msichana aliyekuwa haachi kuja hajaonekana tangu mwezi uliopita. Anauliza, na kwa kuwa wanamwamini, mara nyingine anajibiwa. Uaminifu huo hujengwa kwa miaka, na barua moja ya kuachishwa kazi inatosha kuuvunja.

Hasara yake imepimwa. Mwaka 2024 Taasisi ya Masomo ya Fedha ya Uingereza, IFS, ilichapisha utafiti kuhusu London, ambako takriban asilimia 30 ya vituo vilifungwa kati ya 2010 na 2019. Vijana waliopoteza kituo cha karibu walishuka kidogo katika mitihani, na uwezekano wa kutenda uhalifu uliongezeka kwa asilimia 14. Kwa kila pauni 1 iliyookolewa, jamii ilibeba hasara ya karibu pauni 3.

Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inachukulia kuwa mwenye ufa ndiye atakayejenga ukuta. Hapa sivyo. Anayeokoa ile pauni ni halmashauri, mwaka huu. Wanaolipa baadaye ni polisi, mahakama, magereza na hospitali, ambao fedha zao nyingi hutoka mifuko mingine kabisa, pamoja na waathirika wenyewe. Nadhani hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu hata diwani mwenye nia njema hana hesabu ya kumtetea kijana mbele ya mkuu wa fedha.

Serikali kuu ilipojaribu kurekebisha, ilianzisha Mfuko wa Uwekezaji kwa Vijana wenye zaidi ya pauni milioni 300, na sehemu kubwa ikaenda kwenye ujenzi na ukarabati. Majengo yanahitajika kweli. Ila mshahara wa mtu wa kuyafungua kila jioni mara nyingi unategemea bajeti ile ile iliyokatwa, na mwongozo mpya wa serikali wa mwaka 2023 kuhusu kifungu cha 507B haukuweka kiwango cha chini ambacho halmashauri haiwezi kushuka chini yake.