Je, wajua? Almasi za ufuo wa Namibia hazikuzaliwa Namibia

Aliyezoea habari za Mwadui, Shinyanga, anajua almasi inatoka wapi: chini. Pale kuna bomba la mwamba uitwao kimbalaiti. Zamani lilifyatuka kutoka kina kirefu, likapandisha almasi hadi juu, na leo mgodi unachimba bomba hilo hilo. Mchukue mtu huyo umpeleke kusini-magharibi mwa Namibia, kati ya mdomo wa Mto Orange na mji wa Lüderitz. Atakuta mchanga, ukungu wa asubuhi na upepo wa kusini usiochoka. Bomba halipo. Hata hivyo almasi zimetapakaa kando ya bahari kwa zaidi ya kilometa 200, na nyingine ziko ndani ya bahari yenyewe.

Jibu linalokuja haraka, na ambalo mwandishi wa makala haya naye alilimeza bila kulitafuna, ni kwamba lazima bomba lipo, ila limefukiwa na matuta ya jangwa. Jibu hilo lina mantiki, na lilishawatoa jasho watu wengi. Kibaya zaidi, Namibia kweli ina kimbalaiti. Karibu na Gibeon, mbali bara, yako mabomba mengi. Yalichunguzwa kwa matumaini makubwa, na almasi haikuonekana.

Sababu ni kwamba kimbalaiti haitengenezi almasi; inazibeba tu. Ichukulie kama lori. Almasi ni shehena, na ghala lake liko kilometa 150 hadi 200 chini ya ardhi, mahali ambapo shinikizo ni kubwa lakini mwamba haujapata joto kupita kiasi. Hali hiyo hupatikana chini ya viini vikongwe vya mabara, ambavyo vina mizizi minene ya mwamba uliopoa tangu zamani sana. Kiini kimojawapo, Kaapvaal, kiko chini ya Afrika Kusini na Lesotho. Mabomba ya Kimberley, mji wa migodi ya almasi huko Afrika Kusini, yalipita katika ghala hilo yakapakia. Ya Gibeon yalipanda nje ya mpaka wake, yakafika juu matupu. Kwa hiyo mtafutaji aliyeona kimbalaiti akashangilia alikuwa ameona lori, hajaona mzigo.

Basi mzigo wa ufuoni ulitoka huko huko Afrika Kusini na Lesotho, mamia ya kilometa upande wa mashariki. Mabomba yaliyolipuka enzi za dinosaria yalimomonyolewa na mvua kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Vichwa vyake vikalika, almasi zikaanguka mitoni, na Mto Orange pamoja na tawi lake la Vaal ukazikokota hadi Atlantiki. Mto huo una urefu wa takriban kilometa 2,200. Hapa wanajiolojia hawasemi kwa sauti moja: wapo wanaoamini kwamba sehemu ya almasi hizo ilipitia kwanza kwenye mashapo ya barafu ya miaka milioni 300 hivi iliyopita, yaliyotokana na mabomba ya kale zaidi, kabla mto haujazichukua upya. Ubishi wao unahusu njia na umri. Kwamba mto ndio uliozifikisha pwani, wengi wamekubali.

Safari hiyo inaeleza jambo linalowashangaza wanunuzi: zaidi ya tisa katika kila almasi kumi za ufuo huu zinafaa kwa vito, ilhali migodi mingi ya mabomba hutoa kiasi kikubwa cha mawe ya viwandani tu. Fikiria lori la vyungu kwenye barabara ya makorongo. Chenye ufa hakifiki sokoni. Almasi ni ngumu kuliko kitu chochote cha asili kwa kukwaruzwa, lakini ukiigonga penye ufa hupasuka. Mto na mawimbi viligonga kila jiwe mara zisizohesabika, na yaliyofika ni yale yasiyo na kasoro ya kuyavunja.

Kufika mdomoni mwa mto ni nusu tu ya kisa. Nani alizisambaza kuelekea kaskazini? Hapa liko kosa la pili, nalo limeenea hata kwenye maelezo ya watalii: kwamba zilibebwa na mkondo wa Benguela. Mkondo huo upo, unakwenda kaskazini, unaleta maji baridi, ukungu na samaki. Lakini unasafiri polepole mno kuviringisha kokoto. Kazi ilifanywa na mawimbi.

Mawimbi makubwa ya Bahari ya Kusini hufika hapa kutoka kusini-magharibi, yaani yanapiga ufuo kwa mshazari. Wimbi likipanda husukuma kokoto juu, kwa mshazari kuelekea kaskazini. Maji yakirudi hushuka moja kwa moja, yakifuata mteremko. Kokoto haijarudi pale ilipotoka. Imesogea hatua moja. Wimbi linalofuata, hatua nyingine. Ukiichora safari yake utapata meno ya msumeno.

Lakini mawimbi hayasukumi tu, yanachagua pia, na kitendo hiki kinaonekana jikoni kila siku. Mchele wenye vijiwe huoshwa kwa bakuli mbili: unatikisa, unamimina maji pamoja na mchele polepole kwenye bakuli la pili, unaongeza maji, unarudia. Mchele unaelea kidogo na kuondoka, vijiwe vinabaki chini. Ukimimina kwa pupa, vyote vinakwenda. Ukimimina mara moja tu, mchele mwingi unabaki na vijiwe. Siri iko katika kurudia.

Tatizo ni kwamba almasi si nzito kiasi hicho. Uzito wake ni gramu 3.52 kwa kila sentimita ya ujazo, na kwa kwatzi, madini yanayotawala mchanga na kokoto za kawaida, ni 2.65. Hewani almasi imeizidi kwatzi kwa mara 1.3 tu. Ndani ya maji kila kimoja hupunguziwa gramu 1 kwa kila sentimita ya ujazo, zikabaki 2.52 dhidi ya 1.65, na tofauti inakuwa kama mara 1.5. Dhahabu, kwa kulinganisha, ndani ya maji huizidi kwatzi mara 11. Ndiyo maana mchimbaji mdogo wa Geita anaweza kuipata kwa karai na subira kidogo. Bahari ilikuwa na tofauti ndogo sana ya kufanyia kazi, ila ilikuwa na kitu ambacho mwenye karai hana: wimbi kila baada ya sekunde kumi au zaidi kidogo, usiku na mchana, kwa mamilioni ya miaka.

Mchanga mwepesi uliendelea na safari. Ndio uliojenga matuta mekundu ya Namib, na mwingine umefika hadi Angola. Almasi zilibaki nyuma na kokoto. Mawe makubwa yalitua karibu na mto, madogo yakasukumwa mbali: jirani na Oranjemund, mji ulio mdomoni mwa mto, almasi ya kawaida huzidi karati moja (karati ni gramu 0.2), na kufika Lüderitz imepungua hadi sehemu ya kumi au ya tano ya karati. Baadhi ya fuo zilizoelekea kusini zilikabidhi mzigo kwa upepo, ukaupeleka mabondeni, ukapeperusha mchanga na kuacha almasi zikiwa wazi juu ya ardhi. Ndiyo maana Aprili 1908 Zacharias Lewala, mfanyakazi aliyekuwa akiondoa mchanga kwenye reli karibu na Lüderitz, aliokota almasi bila kuchimba. Aliwahi kufanya kazi Kimberley, alijua anachokiona. Alimpa msimamizi wake, August Stauch, na Stauch ndiye aliyetajirika. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ya Kijerumani ikafunga eneo lote kwa umma.

Kinachonaswa zaidi kiko juu ya mwamba mama, yaani mwamba mgumu ulio chini ya mchanga wote, kwenye mifereji na mashimo ambamo almasi ikiingia wimbi haliwezi kuitoa tena. Kwa hiyo uchimbaji wa ufuoni huanza kwa kuondoa mchanga, mara nyingi mita nyingi za kina, ambao haulipi chochote. Mchanga huo hujengwa kuwa ukuta wa kuizuia bahari, na pampu hunyonya maji yanayopenya chini yake saa zote. Dhoruba ikibomoa ukuta, kazi ya wiki hufukiwa. Mashine kubwa zikishapita, watu hufuata na mifagio na mabomba ya kufyonza, kwa sababu sentimita chache za mwisho ndizo zenye thamani. Ukiacha ufa mmoja haujasafishwa, umeacha kile ulichoondolea mchanga wote.

Kokoto hupelekwa kwenye maji yaliyochanganywa na unga wa ferosilikoni (mchanganyiko wa chuma na silikoni), mazito kiasi kwamba kwatzi inaelea na almasi inazama. Bahati mbaya madini mengine mazito, kama ganeti na mawe ya chuma, nayo yanazama. Hapo unatumika mwanga wa eksirei: almasi hung'aa, kitambuzi kinaona, na pumzi kali ya hewa inairusha kando.

Enzi ya barafu ya mwisho, miaka 20,000 hivi iliyopita, bahari ilikuwa chini ya ilivyo leo kwa takriban mita 120, kwa hiyo baadhi ya fuo za kale sasa ziko chini ya maji. Meli huzinyonya kutoka kina cha mita 90 hadi 150, na sehemu kubwa ya almasi za Namibia leo hutoka huko.

Kanuni ile ile ya bakuli ndiyo iliyotoa kioja cha Aprili 2008. Nyuma ya ukuta wa mchanga karibu na Oranjemund, kwenye sakafu ya bahari iliyokaushwa, wachimbaji walikuta mizinga, tani za vipande vya shaba, sarafu za dhahabu zaidi ya 2,000 na pembe za ndovu zaidi ya 100. Inaaminika ni Bom Jesus, meli ya Ureno iliyopotea mwaka 1533 ikielekea India. Mbao nyingi zilikuwa zimekwenda na mawimbi. Pembe, ambazo zingeweza kwenda nazo, zilikuwa zimegandamizwa na shaba.