"Set" si neno moja, wala si "kuweka" tu

Pita soko la Kibuye, Kisumu, utauziwa seti ya sufuria. Ingia darasa la kidato cha tatu Nakuru, utakuta wanafunzi na setibuku zao. Neno hilo la Kiingereza, "set", limeshakuwa mwenyeji. Shida ni tunayoyaamini juu yake.

Dhana: Ukijua kwamba "set" ni kuweka, umemaliza.
Hii ndiyo inayowaponza wanafunzi wengi, maana kwa tafsiri hiyo jua nalo litabidi lijiweke! Jua hutua. Simiti hushika, ingawa fundi wa Kondele atakuambia "imeset" na mkaelewana. Mfupa huungwa, mtego hutegwa, mtihani hutungwa, meza huandaliwa. Kiingereza kinatumia kitenzi kimoja pale ambapo Kiswahili kinangoja kwanza kisikie kinachotendwa ni nini. Kwa hiyo orodha ya neno na tafsiri yake haimsaidii sana mwanafunzi. Aandike sentensi nzima: jua linafanya nini, simiti inafanya nini.

Dhana: Maana zote zimetoka shina moja.
Hapana. "Set" ya kuweka ni ya Kiingereza cha kale. Ile ya vitu vinavyokwenda pamoja, ya sufuria za Kibuye, ilipitia Kifaransa cha kale kutoka neno la Kilatini "secta". Yalifanana kwa sauti, kisha yakaambukizana maana. Kwetu kuna kaa la moto na kaa wa majini, ila hao hawajawahi kuchanganyana.

Dhana: Hakuna neno la Kiingereza lenye maana nyingi kulipita.
Wapenzi wa chemsha bongo bado wanaling'ang'ania hili. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, mwaka 1989, kitenzi "set" kilikuwa na maana 430, kikielezwa kwa maneno yapata 60,000. Kamusi ilipoanza kuhaririwa upya, "make" likachukua rekodi mwaka 2000, "put" 2007, kisha "run" 2011 kwa maana 645. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi hiyo, alikaa na "run" miezi tisa. Binafsi siyapi mashindano hayo uzito, kwani mhariri ndiye anayeamua maana moja iishie wapi.

Dhana: Maana ya kwanza kwenye kamusi ndiyo kuu.
Inategemea kamusi. Oxford kubwa huanza na maana kongwe. Kamusi za wanaojifunza lugha kwa kawaida huanza na inayotumika zaidi. Utaratibu huo huelezwa kwenye utangulizi, kurasa ambazo wengi huziruka.