Waandishi wa siasa wa Uingereza hawalipwi na serikali

Watu wengi wakiona waandishi wa magazeti Uingereza wana ofisi mle mle bungeni Westminster, na wanakaa na msemaji wa waziri mkuu karibu kila siku, wanasema aah hao ni watu wa serikali tu. Sio kweli jamani. Mshahara unatoka kwa gazeti, bunge linatoa pasi ya kuingilia tu, na huo utaratibu upo tangu 1884.

Mcheki Pippa Crerar, mwandishi wa siasa wa huko. Alianzia mbali, akafanya gazeti la Evening Standard akifuatilia mambo ya meya wa London, baadae akaenda gazeti la Daily Mirror. Februari 2020 watu wa Downing Street, yaani ofisi ya waziri mkuu, waliita waandishi wakachagua nani aingie kwenye mkutano nani abaki nje, Mirror ikaachwa, na wale walioruhusiwa wakagoma wakatoka wote! Mtu wa serikali hawezi kufanya hivyo. Halafu Novemba 2021 huyo huyo Crerar ndo akaandika kuhusu sherehe za Downing Street wakati wa lokdauni, polisi wakaja kumpiga faini Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati huo, Aprili 2022, na mwaka huo huo Crerar akawa mhariri wa siasa wa gazeti la Guardian.

Ukaribu una hatari zake, hilo nakubali kabisa, ndo maana 1986 magazeti ya Independent na Guardian yalisusia zile brifingi za siri ambazo msemaji hatajwi. Ila kusema wananunuliwa wote ni kuwaonea.