Africville: kanisa lilibomolewa usiku

Kazi yangu ni historia ya makazi, hasa mitaa ambayo watu walihamishwa bila kutaka, na mtu akiniuliza habari za Africville, mtaa wa watu weusi kule Halifax, Canada, huwa naanzia kanisani. Maana ukisoma mafaili ya jiji utakuta nyumba mbovu, dampo, visima vichafu, watu kama 400, basi imeisha hapo. Huoni kabisa kwamba pale palikuwa na jamii yenye uongozi wake tangu 1849, na uongozi wenyewe ulikuwa kanisani.

Africville ilikuwa ufukweni mwa ghuba ya Bedford Basin, kaskazini mwa mji. Wengi wa wakazi ni uzao wa watu weusi waliotoroka utumwa Marekani wakati wa vita ya 1812 kati ya Marekani na Uingereza, wakapanda meli za Waingereza hadi Nova Scotia, mkoa wenye Halifax. Mchungaji anayetajwa kama mwanzilishi wa kanisa lao ni Richard Preston, na huyu mzee historia yake inanigusa sana, alizaliwa mtumwa Virginia, akaja Nova Scotia 1816 kumtafuta mama yake na akampata kweli, 1832 akawekewa mikono London, akarudi Halifax kuanzisha kanisa la Cornwallis Street, halafu akawa anazunguka kijiji kwa kijiji kupanda makanisa ya weusi mpaka 1854 akayaunganisha kuwa umoja mmoja wa Kibaptisti.

Kanisa la Africville, ambalo baadaye liliitwa Seaview, lilikuwa dogo na mara nyingi halikuwa na mchungaji wa kukaa palepale, kwahiyo mashemasi na akina mama ndo walioliendesha. Ibada ya alfajiri ya Pasaka ilijulikana Halifax nzima, na siku ya ubatizo watu walitoka kanisani wakiimba, wanaobatizwa wamevaa nguo nyeupe, wakashuka mpaka kwenye maji ya Basin wakazamishwa humo humo. Hata asiyesali pale alikuwa amezaliwa, ameoa au amezika kupitia pale.

Jiji lenyewe lilikula kodi yao halikuwapa maji ya bomba, mfereji wa maji taka wala lami. Walichopewa ni reli katikati ya makazi, gereza jirani, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, na miaka ya 1950 dampo la wazi karibu na nyumba zao. Kisimani kukawa na kibao kinachosema chemsha maji kabla ya kunywa. Halafu uchafu huohuo ndo ukawa sababu ya kusema pabomolewe! Hapa mimi sina subira na wanaosema jiji lilikuwa na nia njema.

Sasa kuna mtu watu wanapenda kumhukumu haraka, Mchungaji William Pearly Oliver wa Cornwallis Street. Mwaka 1945 alishiriki kuanzisha chama cha kutetea haki za weusi Nova Scotia, yeye na mkewe Pearleen walisimama na Viola Desmond, mwanamke mweusi aliyekamatwa 1946 kwa kukaa viti vya wazungu sinema. Lakini miaka ya 1960 alikuwa kwenye kamati ya haki za binadamu iliyokubali watu wahamishwe. Akaja Profesa Albert Rose kutoka Toronto mwishoni mwa 1963, akatembelea kidogo tu, akaandika ripoti ya kuunga mkono watu wahamishwe. Wakazi wengi hata hawakuwahi kukutana na hiyo kamati. Kwa maoni yangu Oliver aliamini kweli kwamba watu watapata shule na nyumba bora kwa kuchanganyika na wengine mjini, na hakuwa msaliti, ila yeye alikuwa wa mjini na ardhi haikuwa yake.

Kuhama kukaanza 1964. Ardhi ilirithishwa kwa maneno vizazi na vizazi, kwahiyo asiye na hati alipewa dola 500 tu, na vyombo vya wengine vikabebwa na malori ya taka ya jiji, yaani godoro na kabati la mama yako limepakiwa kwenye gari la takataka majirani wanaangalia. Tarehe 20 Novemba 1967 kanisa likabomolewa usiku. Baada ya hapo waliobaki hawakuwa na pa kukutana, wakaondoka mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mzee Aaron "Pa" Carvery, aliyesimulia kwamba aliitwa ofisi za jiji akaonyeshwa sanduku limejaa hela, akakataa, lakini Januari 1970 naye akatoka.

Vijana waliokulia pale wakaanzisha chama chao 1983, na kila Julai familia zinarudi zinapiga kambi kwenye eneo lao la zamani na kuabudu pamoja. Februari 2010 meya akaomba radhi rasmi, jiji likatoa dola milioni 3 na kipande cha ardhi, kanisa likajengwa upya kwa sura ileile na sasa ni makumbusho. Fidia ya mtu mmojammoja haikuwemo, na ndo maana wapo wazee na watoto wao ambao mpaka leo hawajaukubali ule mkataba wa 2010.